Safu ya Mia Mbili na Kumi na Tatu

Crisanta Tampus hakulinunua gamba lile. Aliliomba
ghalani kwa shangazi yake, kisiwani Mactan,
kwenye ndoo ya yaliyokataliwa: yaliyomegeka mdomo,
yaliyotobolewa na minyoo, yasiyofaa hata mkufu wa mtalii.
"Chukua," alisema shangazi Eufronia, macho kwenye mizani.
"Hilo lina kovu. Halina bei."

Sasa liko chini ya taa, ghorofa ya tatu, chuoni Cebu,
feni ikikoroma, jasho likidondokea kibodi.
Ni koni nene, kahawia,
lililojaa pembetatu nyeupe, ndogo kwa kubwa,
kama mabati ya mtaa uonekanao toka ndegeni.

Urembo alishauzoea tangu utotoni, kwa magunia.
Linalomnyima usingizi ni hili:
konokono mwenyewe hajawahi kuuona.
Aliishi mchangani, utando mzito umefunika rangi zote,
wala hana jicho la kutazama mgongo wake.
Alijenga ukingo tu,
unywele mmoja wa chokaa, leo;
kesho mwingine, ukashonwa kwenye wa jana
kama ukili kwa ukili hadi mkeka ukawa mkeka.
Mbio za sakafuni huishia ukingoni;
zake zilianzia pale.
Lizungushe kufuata mdomo, unafunua siku.

Milinganyo miwili, aliwaambia wanafunzi.
Wa kwanza: kitu kinachojizidisha, kikienea polepole.
Wa pili: kitu kinachozaliwa na kile cha kwanza,
chenye mbio kumpita mzazi, kikamzima.

Sisi tungesema moto huzaa jivu,
tukaishia hapo, tena kwa kubeza.
Yeye alitaka kujua jivu linakimbia kasi gani.

Akapanga nambari. Akapata mistari mitupu.
Akapanga tena: madoa, kama chui aliyenyeshewa.
Siku moja, nukta sifuri nne badala ya nukta sifuri tatu,
na mawimbi mawili ya rangi yakaanza kukimbiliana ukingoni,
yakakutana,
yakafa yote mawili. Pale yalipofia
ndipo ilipo ncha ya pembetatu.

Kwa wiki tatu skrini na gamba vilikuwa pacha,
isipokuwa kwenye kovu.

Safu ya mia mbili na kumi na tatu.
Kaa, yamkini, alitia gando akaumega ukingo.
Konokono akajikunyata ndani, akangoja,
akaziba. Safu saba hazina rangi yoyote.
Kisha kahawia kwa mkupuo, pana mno,
kama mtu anayerudiwa na sauti baada ya homa.
Kisha pembetatu, ila si mahali zilipokuwa.

Programu yake haikujua kaa ni nini.
Alhamisi usiku aliongeza mstari mmoja:
ufikapo safu ya mia mbili na kumi na tatu,
futa kila kitu kati ya hapa na hapa.
Hakugusa kingine. Akabonyeza,
akaenda kuchemsha maji, maana hakutaka kutazama.

Aliporudi kikombe kilimuunguza vidole, asikiweke chini.
Weupe. Weupe. Weupe.
Kisha kahawia kwa mkupuo.
Kisha pembetatu zikijitafutia makao mapya,
bila kuambiwa na mtu.

Alimpigia shangazi saa tano usiku.
"Limepona," alisema. "Nimelivunja, likapona lenyewe."
"Lipi?"
"Lile la kovu."
Kimya. Mbwa akabweka huko Mactan.
"Kwa hiyo sasa lina bei?"

Alicheka mpaka mlinzi akaja kugonga.
Baadaye, taa imezimwa, alihesabu tena kwa ukucha, pole pole:
safu tupu kwenye gamba, saba;
kwenye skrini, tisa.
Siku mbili ambazo konokono alizijua
na yeye bado.
Akaiwasha taa.